Risala ya Wanafunzi wa Udaktari wa Mifugo Waliofanya Atachimenti katika Mazizi ya Eastlands

 

Sisi ni wanafunzi 11 wa mwaka wa nne. Kwa wiki nane tumekuwa katika mazizi ya ng'ombe wa maziwa upande huu wa mashariki mwa Nairobi: Njiru, Ruai, Mwiki, Dandora, na kule Kayole inakokaribia mto. Tuliombwa tuandike risala ya shukrani. Shukrani tunazo, na tunazitoa mwanzo ili zisipotelee katika yatakayofuata. Asanteni, wenye mazizi, kwa chai ya saa nne, ambayo haikutukosa hata siku moja. Asanteni kwa kutuachia ng'ombe wenu, maana tunajua ng'ombe mmoja wa gredi ndiye karo, ndiye kodi ya nyumba, na wakati mwingine ndiye hospitali. Mama mmoja wa Mwiki alitukabidhi mtamba wake wa pekee, akasema tu, "Msiniulie." Hatukumwua.

Yanayobaki ni malalamiko na madai. Hatutataja jina la chuo, la zizi wala la mtu. Wanaohusika wamo humu ukumbini, na kila mmoja atajua zamu yake ikifika.

Tuanze na kitabu cha atachimenti. Kila mmoja wetu alipewa kitabu chenye nafasi ya kujaza kazi ya kila siku, na upande wa kulia nafasi ya msimamizi kutia sahihi. Msimamizi aliyepangiwa kundi letu alifika mara moja, Jumatano ya wiki ya tatu, akakaa dakika zisizofika 40, nyingi akiwa kwenye simu. Wiki ya nane tulipigiwa tuvipeleke vitabu mahali fulani karibu na steji. Vikatiwa sahihi zote 40 kwa kalamu moja, juu ya boneti ya gari. Wenzetu wawili walidokezewa kwamba sahihi zingekuja haraka zaidi kama kungekuwa na kitu kidogo cha mafuta. Hawakutoa, na vitabu vyao vilirudi baada ya siku tisa.

Yaliyoandikwa katika vitabu hivyo ni kweli. Tulikamua, tulifagia, tulikata majani ya nepia, tulibeba mitungi ya maji siku mfereji ulipokauka, tulisukuma mkokoteni wa machicha ya pombe kutoka barabarani. Hatudharau kazi hiyo. Daktari wa mifugo asiyejua uzito wa mtungi wa maji hawezi kumwambia mfugaji asafishe zizi mara mbili kwa siku. Lakini kufagia tulijifunza siku ya kwanza, na siku ya 40 tulikuwa bado tunafagia. Mwenye zizi mmoja alimwachisha kazi kibarua wake wiki tuliyofika, akamrudisha wiki tuliyoondoka. Tuliona, baba. Na kibarua yule aliona pia, akatununia kwa haki yake.

Mtatuuliza, basi mlijifunza kwa nani? Tulijifunza kwa mkamuaji.

Katika zizi la Njiru, lililo nyuma ya ghorofa za kupanga, yuko mzee ambaye amekamua ng'ombe tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Yeye anatuita "dakitari," nasi kufikia wiki ya pili tulikuwa tunamwita mwalimu. Kila asubuhi, kabla ya ndoo kuguswa, anamvuta ng'ombe chuchu moja moja juu ya kifuniko cheusi cha mkebe wa rangi na kuyatazama matone. Yakiwa na punje au uzi, ng'ombe huyo anakamuliwa wa mwisho. Tulipopata hatimaye kile kibao chenye vikombe vinne na dawa yake, ambacho darasani tulikuwa tumekiona kwenye picha tu, tulipima ng'ombe wote sita. Maziwa ya chuchu tatu yalishikana kama uji mzito. Zote tatu alikuwa amekwisha kutuonyesha kwa kifuniko chake. Yeye ndiye aliyetufundisha kushika masikio kabla ya kutafuta kipimajoto, kukisoma kinyesi, kusimama ubavuni mahali teke halifiki, na kumwita ng'ombe kwa jina kabla ya kumgusa. Anajua yupi anampenda nani. Somo hilo halimo katika mtaala, na lilitupunguzia mateke mengi.

Mzee huyu halipwi kwa kufundisha. Katika kitabu hakuna nafasi ya sahihi yake. Msimamizi alipofika Jumatano ile alimtuma akalete kiti.

Dai letu la kwanza, basi, ndilo hili, na tungeombwa kubaki na moja tu tungelishika hilo: wakamuaji na watunzaji wa mazizi wanaowapokea wanafunzi watambuliwe kwa maandishi kuwa wakufunzi wa nyanjani, walipwe posho kutoka kwenye ada tunayotozwa kwa ajili ya atachimenti, na sahihi zao zihesabiwe. Sahihi ya mtu aliyekuwepo ina uzito kuliko ya asiyekuwepo. Ada hiyo sisi na wazazi wetu tumeilipa. Tunaomba pia tuonyeshwe imekwenda wapi.

Sasa tusimulie usiku wa Ruai, kwa sababu ndio uliotufanya tukatae kuandika risala ya aya moja.

Ng'ombe alizaa jioni, ndama salama, kondo likatoka. Saa kumi alfajiri mtoto wa mwenye zizi alitugongea. Tulimkuta ng'ombe amelala, shingo imepinda, kichwa kimegeukia ubavu, masikio baridi kama chuma, pua kavu. Ni homa ya maziwa. Hata mwanafunzi wa mwaka wa pili angesema. Jina linadanganya, maana hakuna homa. Kiwele kinavuta madini ya kalsiamu kutoka kwenye damu kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kuyarudisha, misuli inalegea, na asipotibiwa anaweza kufa baada ya saa chache. Dawa yake ni chupa ya kalsiamu kwenye mshipa wa shingo. Ni dawa yenye ukatili wake: ikiingia polepole ng'ombe anainuka mbele ya macho yako, ikiingia haraka moyo unasimama.

Tulimpigia msimamizi mara saba. Tulimpigia pia mtaalamu wa mifugo aliyekuwa akitutembeza mazizini. Akapokea, akasema yuko mbali, "nyinyi wekeni polepole tu." Wanafunzi wawili, chupa moja, tochi ya simu. Hatukuwa na stethoskopu, kwa sababu moja iliyokuwa ya kundi zima ilikuwa Dandora. Mmoja aliipasha chupa kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu. Mwingine alilaza sikio lake ubavuni mwa ng'ombe, nyuma ya kiwiko, akawa anahesabu mapigo kwa sauti ili mwenzake ajue lini abane mpira. Mimi ninayesoma ndiye niliyekuwa na sikio pale. Ilichukua dakika 20. Kwanza ng'ombe alianza kutetemeka mapajani, kisha akapiga mbweu, kisha akatoa kinyesi, na mama mwenye zizi akapiga kigelegele kwa kinyesi kile kama kwa bwana harusi. Kulipopambazuka alikuwa amesimama.

Mnaweza kusema mambo yaliisha vizuri. Sisi tunasema hatukupaswa kuwa pale peke yetu. Sheria ya Madaktari wa Mifugo na Wataalamu Wasaidizi ya mwaka 2011 imeweka bodi na daftari la usajili, kwa sababu mtu anayeingiza sindano kwenye mshipa wa ng'ombe wa mwenzake anastahili kuwa mtu wa kuulizwa. Angekufa ng'ombe yule, nani angeulizwa? Na kuna la pili. Saa tatu asubuhi mtaalamu alifika, akamtazama ng'ombe aliyesimama, akamtoza mama yule pesa ya matibabu. Jina lake tulilitafuta baadaye katika orodha ya waliosajiliwa. Hatukuliona. Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi tulikabidhiwa kwake kwa barua yenye muhuri.

Tunadai kwamba mwanafunzi asipelekwe kwa mtu ambaye hajasajiliwa. Tunadai kila kundi liwe na daktari mmoja wa zamu anayepokea simu usiku, na nambari yake ibandikwe ukutani zizini, mwenye zizi aione. Pesa iliyotozwa kwa kazi ya wanafunzi irudishwe kwa mama wa Ruai. Sisi hatutaki hata shilingi yake.

Jambo linalofuata linatuhusu sisi kama watuhumiwa pia, na tulibishana usiku mzima kama tulisome. Wengi walishinda.

Katika zizi moja, ambalo hatutasema liko mtaa gani, tulimtibu ng'ombe mwenye uvimbe wa kiwele kwa penisilini na streptomaisini, siku tatu mfululizo. Lebo ya chupa ilisema wazi kwamba maziwa yasinywewe hadi saa 72 zipite baada ya sindano ya mwisho. Jioni ya sindano ya kwanza ng'ombe akakamuliwa, maziwa yakamiminwa kwenye debe moja na ya wenzake, na saa kumi na mbili unusu foleni ya majirani ikawa langoni na vikombe na chupa, kama kila siku. Sisi tuliyaona. Mmoja wetu alimwambia mwenye zizi. Akajibiwa, "Dakitari, hiyo ni lita 14 kwa siku. Utalipa wewe?" Mwenzetu akanyamaza, na sisi wengine tukanyamaza pamoja naye, kwa sababu kitabu kilikuwa hakijatiwa sahihi.

Aliyegundua kabla ya wote ni mama anayeuza maziwa lala karibu na steji. Siku ya pili alikuja kulalamika kwamba maziwa hayagandi. Alidhani yametiwa maji. Hayakuwa na maji, mama. Yalikuwa na dawa inayoua vijidudu, na maziwa lala ni kazi ya vijidudu. Ulikuwa na maabara yako kwenye kibuyu bila mtu kukuambia. Kuchemsha kunaua viini vya ugonjwa, na wakazi wa Eastlands wanachemsha maziwa yao vizuri, lakini moto wa jiko hauiondoi dawa yote. Mwenye mzio wa penisilini anaweza kuumwa kwa kikombe cha chai. Na vijidudu vinavyoonjeshwa dawa kidogo kidogo vinaizoea. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo hilo hilo mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Sisi tuliandika onyo lake kwenye mtihani tukapata alama, kisha tukasimama langoni tukitazama foleni.

Tunaomba radhi kwa majirani wale. Lakini hatuombi mwenye zizi aadhibiwe, na tungependa hilo lisikike. Lita 14 kwa siku tatu za sindano na tatu za kungoja ni lita 84. Mtu anayenunua chakula cha ng'ombe kwa deni hamwagi lita 84 kwa sababu mwanafunzi amesoma lebo. Ilikuwa kazi ya daktari kumkalisha kabla ya sindano, si baada, amweleze atapoteza kiasi gani na kama ng'ombe huyo anaweza kungoja dawa nyingine au kipimo kwanza.  Hakuna aliyekaa na mfugaji kufikiria hesabu yake yote. Dai letu hapa lina sehemu mbili. Kila ng'ombe aliyetibiwa afungwe utepe mwekundu mguuni na tarehe ya kumaliza kungoja iandikwe ukutani kwa chaki, mnunuzi aione. Na mwanafunzi apewe haki ya kukataa kudunga sindano kama mwenye ng'ombe hajaelezwa, bila kupoteza alama. Haki hiyo tungekuwa nayo, pengine tungeitumia. Hatuwezi kuapa.

Kuhusu vifaa tutasema kwa ufupi, maana kila risala ya wanafunzi tangu dunia iumbwe imelalamikia vifaa. Gambuti tulijinunulia Gikomba. Glavu ndefu za kupimia mimba tulipewa jozi mbili kwa kila mtu kwa wiki nane, tukazifua na kuzianika kwenye kamba pamoja na soksi. Kuna ng'ombe aliyetupa mimba ya miezi saba, nasi tukalitoa kondo kwa mikono mitupu, tukijua fika kwamba homa ya brusela huingia kwa njia hiyo hiyo. Wawili wetu wameanza kutoka jasho usiku na kuumwa viungo. Wamekwenda kupimwa kwa pesa zao.

Na yuko yule mtamba wa Dandora aliyekuwa akidondosha mate na kushindwa kumeza. Kila mtu pale alisema amesakamwa na kiazi, na mwenzetu akaingiza mkono hadi kwenye koo kutafuta kiazi. Hakukuwa na kiazi. Siku ya tatu mtamba alianza kunguruma kwa sauti ya kukwaruza na kushambulia ukuta. Mtaani kulikuwa na mbwa aliyeng'ata watu. Mwenzetu alianza sindano za kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo, na mama yake alikopa kwenye chama ili azimalize. Kenya ina mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo mwaka 2030. Mpango huo uanzie kwetu: mwanafunzi asiingie zizini kabla ya kuchanjwa, na chanjo hiyo ilipwe na chuo pamoja na bima ya ajali. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inamlinda mwajiriwa na mwanagenzi mwenye mkataba. Sisi hatuna mshahara wala mkataba, tuna barua ya utambulisho tu, na barua haitibu.

Wasichana wa kundi hili ni watano. Wamenitaka niseme mambo matatu na nisiyapambe. Hakukuwa na mahali pa kubadilishia nguo katika zizi lolote, wakabadilishia nyuma ya rundo la nepia. Walipokuwepo wavulana, wao ndio waliotumwa chai. Na siku ndama alipokwama katika kuzaliwa, mwenye zizi alisema mkono wa msichana hauna nguvu, akamchagua mvulana mwenye mkono kama mchi ambao haukupita. Msichana mwenye mkono mwembamba ndiye aliyekigeuza kichwa cha ndama. Profesa Wangari Maathai, kabla ya miti kumpatia jina duniani, alikuwa mwalimu wa anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikopata shahada ya uzamifu mwaka 1971, na akiwa huko alipigania wahadhiri wanawake wapewe marupurupu sawa na wanaume. Wenzetu wanadai chumba chenye mlango.

Lipo pia suala la malisho, ambalo si la chuo. Ng'ombe wa mitaa hii wanakula nepia iliyokatwa kando ya mito inayobeba maji machafu, na wengine huchungwa hadi kwenye jaa la Dandora, ambalo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na bado linapokea magari ya taka kila asubuhi. Tulishuhudia tumbo la ng'ombe mmoja likipasuliwa kichinjioni: kamba, waya, na mpira wa mifuko ya plastiki mkubwa kama kichwa cha mtoto. Mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini tumbo la ng'ombe halisomi gazeti la serikali. Kaunti ina sheria yake ya mwaka 2015 ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini. Tulipoitaja, mwenye zizi mmoja aliyekuwa akifunga lango kila akisikia gari la kanju, yaani askari wa kaunti, alituuliza kama tunatania. Tunamwomba afisa wa mifugo aliye hapa aifafanue leo, kwa Kiswahili, kabla watu hawajaondoka. Mfugaji anayejificha hamwiti daktari mapema.

Tunaomba jibu la maandishi kabla muhula haujafunguliwa. Lisipokuja, wanafunzi 11 hawa hawatavipeleka vitabu vyao kusahihishwa. Viko hapa mezani, na sahihi zake 40 za kalamu moja.

Nakala za risala hii ni tano. Moja ni ya Mkuu wa Kitivo, moja ya afisa wa mifugo, moja ya wenye mazizi, moja tunabaki nayo. Ya tano ni ya mzee wa Njiru, na ndiyo sababu tumeiandika kwa Kiswahili. Tulimwalika, lakini mkutano umewekwa saa tisa alasiri, na saa tisa anakamua.

Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa nne, kundi la Eastlands.